Robo lita ya oili inayoamua uhai wa mashine ya boti

INJINI inanguruma kama kawaida, petroli ipo ya kutosha na plagi hazina tatizo, lakini boti haisogei. Nahodha anajaribu tena kuingiza gia ya mbele, anasikia mlio wa chuma kinachosagana, kisha propela inagoma kabisa. Ni usiku wa giza, taa za dagaa zimeshawashwa, upepo unaanza kubadilika na mwalo uko mbali. Kilichobaki ni makasia na kuomba boti nyingine ipite karibu.

Asubuhi yake, fundi akifungua sehemu ya chini ya mashine, kinachotoka si oili. Ni uji mweupe mfano wa maziwa, wenye chembe za chuma zinazometameta. Meno ya gia yamelika, beringi zimeshika kutu na bei ya vipuri vinavyotakiwa inakaribia ya mashine kuukuu. Yote hayo yametokea kwa sababu ya robo lita ya oili ambayo haikubadilishwa kwa wakati, au iliyobadilishwa kwa oili isiyofaa.

Hali hii ni ya kawaida kwa wavuvi na wasafirishaji wadogo wa Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na mwambao wa Bahari ya Hindi, ambako mashine nyingi zinazotumika ni za zamani, zimepita mikononi mwa wamiliki zaidi ya mmoja na hazina tena kitabu cha maelekezo. Mmiliki wa mashine ya namna hiyo huishi kwa kuuliza wenzake. Bahati mbaya, majibu anayoyapata kuhusu oili ya gia hutofautiana kutoka mwalo mmoja hadi mwingine: huyu anasema weka oili yoyote ya gari, yule anasema weka nzito zaidi kwa kuwa mashine ni kuukuu, mwingine anasema jaza grisi usahau.

Oili mbili, kazi mbili

Kosa la kwanza huanzia dukani. Mvuvi anaomba oili ya mashine ya boti na muuzaji anampa chupa ya oili ya kuchanganya na petroli. Hizi ni oili mbili tofauti kabisa.

Mashine nyingi za zamani ni zile za mipigo miwili. Injini yake haina sehemu ya kuhifadhi oili kama ilivyo kwa gari. Oili huchanganywa na petroli, huingia ndani ya injini, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua na kutoka pamoja na moshi. Oili bora ya kazi hiyo kwa mashine za boti huwa na maandishi TC-W3 kwenye chupa. Ni nyepesi na imetengenezwa ili iungue bila kuacha masizi mengi.

Oili ya gia ni jambo jingine. Hukaa ndani ya giaboksi, yaani kile kichwa cha chuma kilicho chini kabisa ya mashine, mahali propela ilipofungwa. Ndani yake kuna gia tatu kuu: gia ndogo inayoletewa nguvu na shafti inayoshuka kutoka kwenye injini, gia ya mbele na gia ya nyuma. Gia hizo ndizo zinazogeuza mzunguko wa shafti iliyosimama wima kuwa mzunguko wa shafti iliyolala, inayozungusha propela.

Nguvu yote ya injini hupita kwenye meno machache ya gia ndogo kiasi cha kuenea kiganjani. Meno hayo hayagusani kwa kubingirika tu, bali pia kwa kuteleza moja juu ya jingine chini ya mgandamizo mkubwa. Oili nyepesi ya kuchanganya na petroli ikiwekwa humo husukumwa pembeni na meno, chuma hukutana na chuma na gia huanza kulika tangu siku ya kwanza.

Namba zilizoandikwa kwenye chupa

Mashine nyingi za zamani za nguvu farasi 9.9, 15, 25 na 40 zilizoenea katika maziwa na pwani yetu, zikiwamo za Yamaha na Suzuki kutoka Japani, huhitaji oili ya gia ya uzito wa SAE 90, ile inayojulikana kama oili ya haipoidi. Namba 90 inaeleza unene wa oili ikiwa imepata moto. Chupa ikiandikwa 80W-90, maana yake ni kwamba oili hiyo hubaki na wepesi wa 80 kwenye baridi kali, lakini ikipata joto huwa na unene wa 90. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, Kigoma au Kilwa, ambako hakuna barafu, oili zote mbili zinafaa pale ambapo mtengenezaji ametaja SAE 90.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu akiona oili ya injini imeandikwa 40 au 50 na oili ya gia imeandikwa 90, hudhani ya gia ni nzito karibu mara mbili. Si kweli. Vipimo hivyo viwili hutumia ngazi tofauti. Oili ya gia ya SAE 90 ina unene unaokaribiana na oili ya injini ya SAE 40 au 50. Tofauti kubwa haiko kwenye unene, bali kwenye dawa zilizochanganywa ndani yake.

Dawa hizo ndizo zinazoelezwa na herufi GL, zilizowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Oili ya GL-4 ina dawa za kiasi za kuhimili mgandamizo, na GL-5 ina dawa hizo kwa wingi zaidi. Dawa hizo, ambazo kwa kawaida huwa na salfa na fosforasi, hujenga utando mwembamba juu ya meno ya gia. Oili inaposukumwa pembeni, utando huo hubaki na kuzuia chuma kisigusane moja kwa moja na chuma.

Je, mwenye mashine ya zamani achague ipi? Kanuni ya kwanza ni kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa mashine hiyo, kama yanapatikana. Pasipo maelekezo, ni vyema kukumbuka kuwa wingi wa salfa katika baadhi ya oili za GL-5 unaweza kula polepole sehemu za shaba, na baadhi ya mashine kuukuu zina bushi za shaba ndani ya giaboksi. Kwa mashine ya aina hiyo GL-4 ni salama zaidi. Mashine ambayo mtengenezaji wake ametaja GL-5 iwekewe GL-5, isishushwe daraja kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei.

Kwa nini oili ya gari si sawa na ya boti

Wamiliki wengi hutumia oili ya difu ya gari kwa sababu inapatikana kila mahali na bei yake ni nafuu. Kwa upande wa unene na dawa za kuhimili mgandamizo, oili ya gari ya SAE 90 yenye GL-4 au GL-5 inaweza kufanya kazi, na mashine nyingi zimefanya kazi nayo. Tofauti hujitokeza pale maji yanapoingia.

Difu ya gari hukaa pakavu. Giaboksi ya boti inafanya kazi ikiwa imezama, na kinachotenganisha oili na maji ni sili chache za mpira. Kila siku mashine hupata moto ikifanya kazi, kisha hupoa ikiwa bado majini. Inapopoa, hewa na oili ndani ya giaboksi husinyaa na kuvuta kutoka nje. Sili ikiwa imechoka, kinachovutwa ni maji.

Oili iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya boti ina dawa za kuzuia kutu na huweza kuendelea kulinda gia hata ikiwa imechanganyika na maji kidogo. Oili nyingi za gari hazikutengenezwa kwa hali hiyo. Maji hutengana nayo, hutulia chini na kugusa beringi na gia mashine ikiwa imepumzika. Siku chache tu za namna hiyo zinatosha kuanzisha kutu, na kwa wavuvi wa baharini chumvi huharakisha uharibifu.

Hata hivyo, ieleweke kuwa hakuna oili inayotibu sili iliyokatika. Oili ya boti humpa mmiliki muda wa kugundua tatizo kabla ya hasara, lakini haimpi ruhusa ya kulipuuza. Mwenye kulazimika kutumia oili ya gari kwa kukosa nyingine anapaswa kuikagua mara nyingi zaidi.

Dawa za mitaani zinazoua mashine

Mazoea kadhaa yaliyoenea kwenye mialo na bandari ndogo yanastahili kuachwa.

La kwanza ni kuweka oili nzito ya SAE 140 kwa imani kwamba itapunguza kelele za gia zilizolika na kuzuia uvujaji. Ni kweli kelele inaweza kupungua kwa muda. Lakini oili nzito kuliko inavyotakiwa husambaa polepole kwenye beringi, huongeza joto na hula sehemu ya nguvu ya injini, ambayo mmiliki huilipia kwa petroli. Uvujaji nao hurudi, kwa sababu chanzo chake ni sili. Zipo mashine chache za zamani sana, mfano British Seagull za Uingereza, ambazo watengenezaji wenyewe walielekeza SAE 140. Hizo ni mashine za mfumo wake na si kigezo kwa nyingine.

La pili ni kujaza grisi. Grisi haitiririki kama oili. Gia zikizunguka huitupa pembeni, nayo hubaki imeganda kwenye kuta za giaboksi huku meno yakizunguka makavu. Aidha, grisi haipozi beringi na huficha dalili za maji kuingia.

La tatu ni kutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari au pikipiki. Oili hiyo imebeba masizi, asidi na vumbi la chuma, na haina dawa za kutosha za kuhimili mgandamizo wa meno ya gia. Anayeitumia hajaokoa fedha, amenunua uharibifu kwa bei ndogo.

La nne ni kuweka oili nyekundu ya gia za kujiendesha za magari. Nayo ni nyepesi mno kwa mashine nyingi za boti. Hapa pia kuna mashine za pekee: baadhi ya Johnson na Evinrude za miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na gia zinazobadilishwa kwa umeme na zilihitaji oili maalumu isiyo SAE 90. Mwenye mashine ya umri huo asiweke oili yoyote kabla ya kuhakikisha aina ya gia alizonazo. Ni vyema pia kujua kuwa utengenezaji wa mashine za Evinrude ulisimamishwa mwaka 2020, hivyo gia inayoharibika leo huenda isiwe rahisi kupatikana kesho.

Hesabu ya mbalamwezi

Baada ya kuchagua oili sahihi, swali linalofuata ni muda wa kuibadili. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, kutegemea kipi kitatangulia. Mashine mpya, au iliyofungwa gia mpya, hubadilishwa oili mapema zaidi, baada ya saa 10 za mwanzo hivi, ili kuondoa vumbi la chuma linalotokana na meno kuzoeana.

Wengi hushika maneno "miezi sita" na kusahau saa 100. Ushauri wa miezi sita humfaa mtu anayetumia boti mara mojamoja. Mvuvi wa dagaa anayeendesha mashine kwa wastani wa saa tano kwa usiku, kwa usiku 20 wa giza, hufikisha saa 100 kwa mwezi mmoja tu. Akisubiri miezi sita atakuwa ameendesha saa 600 kwa oili ileile. Mmiliki wa boti ya abiria au ya mizigo inayofanya kazi kila siku anaweza kufikisha saa hizo kabla hata mwezi haujaisha.

Kwa bahati nzuri, uvuvi wa dagaa una kalenda yake. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti dagaa vizuri na boti nyingi hupumzika kwa siku kadhaa. Wavuvi hutumia muda huo kushona nyavu na kutengeneza taa. Huo ndio wakati mwafaka wa kubadili oili ya gia. Anayejiwekea desturi ya kufanya hivyo kila mbalamwezi hahitaji saa wala daftari la kukumbuka. Mwezi wenyewe utamkumbusha.

Gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Giaboksi ya mashine ya nguvu farasi 15 huchukua takriban robo lita, na ya nguvu farasi 40 haifikishi nusu lita. Kwa mwenye "kumi na tano", chupa ya lita moja hutosha kwa mabadiliko manne, na matumizi ya mwaka mzima wa giza 12 ni lita tatu.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba lita moja inauzwa Sh20,000. Lita tatu ni Sh60,000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa usiku 240 wa kazi ni Sh250 kwa usiku. Kila mmiliki anaweza kurudia hesabu hiyo kwa bei ya dukani kwake. Kwa upande mwingine, mashine hiyo ikitumia lita tano za petroli kwa saa, saa 100 zitakula lita 500. Yaani kwa kila lita 2,000 za petroli zinazoungua juu, gia zinadai lita moja tu ya oili chini.

Upande wa hasara hesabu ni nzito zaidi. Gia ikivunjika katikati ya giza na vipuri vikachukua wiki moja kufika, usiku saba kati ya 20 umepotea, sawa na asilimia 35 ya mavuno ya mwezi. Katika siku hizo wavuvi wanaendelea kula, mkopo unaendelea kudai na mteja wa dagaa anaweza kuhamia kwa boti nyingine. Hayo ni kabla ya kununua gia yenyewe na kumlipa fundi.

Nani alipie?

Sababu mojawapo inayofanya oili isahaulike ni namna mapato yanavyogawanywa. Katika boti nyingi, gharama za safari kama petroli na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye boti na wavuvi. Oili ya kuchanganya na petroli huhesabiwa kama gharama ya safari kwa sababu bila hiyo injini huharibika haraka. Oili ya gia huonekana kuwa mzigo wa tajiri, ambaye mara nyingi hayuko mwaloni. Nahodha anayeona dalili za tatizo hana fungu la kununulia, na tajiri mwenye fedha haoni dalili.

Njia rahisi ni kuiingiza oili ya gia, sili na washa katika gharama za safari, kwa kutenga kiasi kidogo kila usiku wa kazi. Fedha hizo zikiwekwa kwenye kibubu au kwenye simu ya mtu anayeaminiwa na pande zote, mbalamwezi ikifika kuna akiba ya matengenezo. Nahodha aandike tarehe ya kila badiliko na rangi ya oili iliyotoka. Daftari hilo hulinda heshima yake pia, kwa kuwa mashine ikiharibika hataonekana mzembe.

Wamiliki walio kwenye kikundi wanaweza kununua kwa pamoja. Mashine 10 za nguvu farasi 15 huhitaji lita mbili na nusu kwa mwezi. Ndoo ya lita 20 itawatosha kwa miezi minane, na kwa kawaida bei ya lita kwenye ndoo huwa chini ya bei ya lita kwenye chupa ndogo. La muhimu ni ndoo kufunikwa vizuri na kuwekwa pakavu, kwani oili iliyoingiwa na maji kabla ya kufika kwenye mashine haina faida.

Kwa wanaonunua rejareja, oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi ni ya kuepukwa. Mnunuzi hana njia ya kujua ni SAE ngapi, GL ngapi, wala kilichochanganywa humo, na rangi haiwezi kumwambia. Achague chupa yenye lakiri isiyovunjwa, maandishi yanayosomeka na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Namna ya kubadili

Kazi yenyewe haihitaji karakana. Vinavyotakiwa ni bisibisi pana, chombo cha kukingia, tambara safi, oili mpya na washa mpya mbili.

Mashine isimamishwe wima. Giaboksi ina bolti mbili za oili: moja chini kabisa na nyingine juu yake, ambayo ndiyo ya kupimia ujazo. Fungua ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie na oili itoke yote. Kwa baadhi ya Johnson na Evinrude za zamani, kuna skrubu yenye kichwa cha msalaba karibu na bolti ya chini. Hiyo si ya oili. Hushikilia mtambo wa kubadilisha gia, na akiifungua asiyejua atalazimika kufumua giaboksi nzima.

Oili inayotoka ikaguliwe kabla ya kutupwa. Ikiwa nyeusi kiasi, imechoka kwa kazi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na harufu ya kuungua, ilikuwa kidogo au gia zimepata moto kupita kiasi. Vumbi laini la chuma mithili ya unga ni la kawaida, hasa kwenye bolti zenye sumaku. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni dalili ya meno kuvunjika, na mashine hiyo isirudi majini kabla ya kufunguliwa.

Oili mpya hujazwa kupitia tundu la chini, si la juu. Wengi hukosea hapa. Ikimiminwa kutoka juu, hewa hunaswa ndani, oili huonekana imejaa kumbe giaboksi ina nafasi tupu. Isukumwe taratibu kwa pampu au kwa chupa yenye mdomo mwembamba hadi itokee tundu la juu bila mapovu. Bolti ya juu ifungwe kwanza, ndipo mdomo wa chupa utolewe chini na bolti ya chini ifungwe haraka. Kwa kuwa juu kumezibwa, oili itakayomwagika ni kidogo. Washa za zamani zisirudishwe, kwani washa moja iliyopondeka inaweza kupitisha maji na kuharibu kazi yote.

Kabla ya kumaliza, propela itolewe. Nyuzi za nyavu na za mishipi hupenda kujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, na zikikazana hukata sili. Kwa boti za uvuvi hiki ni chanzo kikubwa cha maji kuingia kwenye oili. Nyuzi ziondolewe zote, shafti ipakwe grisi isiyosombwa na maji na propela irudishwe.

Oili iliyotolewa isimwagwe ziwani wala baharini. Mbali na kukatazwa na sheria za mazingira nchini, ikiwamo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, utando wake huelea palepale ambapo wavuvi huosha samaki na majirani huchota maji. Ikusanywe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaokusanya oili chafu.

Kwa anayenunua mashine kuukuu

Oili ya gia ni shahidi mzuri wakati wa kununua mashine iliyotumika. Mnunuzi aombe bolti ya chini ilegezwe kidogo mashine ikiwa imepumzika usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yametengana nayo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa mpya kabisa na safi kupita kiasi, isiwe sababu ya kufurahi haraka. Baadhi ya wauzaji huibadili siku moja kabla ili kuficha ugonjwa. Katika hali hiyo mashine iwashwe ikiwa kwenye pipa la maji au majini kwa dakika 20 hivi, iingizwe gia ya mbele na ya nyuma kwa uangalifu, iachwe ipoe, kisha ikaguliwe tena. Oili ikibadilika kuwa ya maziwa, bei ya sili na kazi ya fundi ipunguzwe kwenye bei ya mashine, au mnunuzi aendelee na safari yake.

Mashine ya boti ni mtaji kama lilivyo shamba au ng'ombe wa maziwa. Wapo wanaozitumia kwa miaka mingi zikipokewa na mtoto kutoka kwa baba, na wapo wanaonunua nyingine kila baada ya misimu michache. Tofauti kati yao mara nyingi haiko kwenye aina ya mashine. Mbalamwezi ijayo, kabla ya kushona wavu, mwenye boti afungue bolti ile ya chini na kutazama kinachotoka.